Nerina Baird na Hisa za Walimu

Katika ofisi yetu hapakuwa na mtu aliyekopa kama Nerina Baird, wala hapakuwa na aliyechukia kuomba kama yeye.

Kukopa ndiyo iliyokuwa kazi yake. Whit Sorensen, mwenye mfuko wetu wa uwekezaji, alijaliwa jicho la kuona kampuni inayokufa polepole. Akiiona, alitaka kuuza hisa zake mapema, kabla wengine hawajashtuka. Lakini huwezi kuuza usichokuwa nacho. Kwa hiyo Nerina alipiga simu kwenye mabenki akazikopa hisa hizo kwa wanaozimiliki, mimi nikaziuza, kisha sote tukangoja zishuke, tuzinunue kwa bei ya chini na kumrudishia mwenyewe. Ni kama kuazima koti la jirani ukaliuza, ukitegemea kwamba baridi ikipita utapata jingine kama hilo kwa bei ya kutupa. Hesabu yako ni nzuri sana, mpaka baridi ikatae kwisha na jirani abishe hodi.

Tulikaa mkabala, yeye na mimi, kwa miaka mingi, Stamford, katika jengo linalotazama reli. Yeye alikopa, mimi niliuza na kununua, Sorensen aliamua. Nerina alikuwa na umri wa kunizidi kama dada mkubwa anavyomzidi kitinda mimba, nywele fupi zenye mvi ambazo hakuzipaka rangi, na chupa ya supu ya maharage na mboga za majani ambayo hakumkaribisha mtu, wala hakukubali kukaribishwa chakula cha mtu.

Ungemsikiliza kwenye simu bila kumjua, ungedhani anapiga soga saa za kazi. Mkopeshaji wake mkubwa alikuwa Anselm Duquette, aliyesimamia dawati la kukopesha hisa katika benki moja ya Boston. Walizungumza karibu kila siku na hawakuwahi kuonana.

"Habari za magoti, bwana Duquette?"

Nerina aliweka simu yake kwenye kipaza sauti, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili.

"La kushoto limenisamehe, la kulia bado lina kinyongo. Wewe je, bibie?"

"Mzima. Wasichana wako walicheza Jumamosi?" Anselm alifundisha timu ya wasichana ya magongo ya barafuni.

"Walicheza? Walichezewa. Kipa wangu alikuwa anampungia mama yake mkono."

"Ana adabu huyo, mwache. Hivi, hapo kwako kuna chochote cha ile kampuni ya matrekta? Nilikuwa napita tu."

Na Anselm angempa, tena kwa ada ndogo, kwa sababu katika soko la kukopa mtu asiye na haraka hatozwi sana. Mwenye njaa hutozwa bei ya njaa. Nerina aliyajua hayo kabla hajajua kusoma. Alikulia Bridgeport, juu ya duka la mikate la mjomba wake, na mama yake alipomtuma mkate wa kukopa alimwambia: usiombe kwa tumbo, salimia kwanza, uliza habari za watoto, halafu useme ulikuwa unapita. Aliniambia haya mara moja tu, tukiwa tumekwama kituoni treni ikiwa imechelewa, na nadhani alijuta kuniambia.

Mambo mengine niliyajua kwa bahati mbaya. Vuli moja simu ya hospitali ya Norwalk iliingia kwenye meza yangu badala ya yake, na ndivyo nilivyojua kwamba mume wake, Colin, fundi wa mapaa, alikuwa amepata kiharusi tangu kiangazi. Miezi yote hiyo Nerina alikuwa amekaa mbele yangu akiuliza habari za magoti ya watu. Colin alikuwa anajifunza kusema upya, neno kwa neno, kwa mwalimu wa matamshi aliyelipwa na bima ya ofisi yetu. Hakuwa na bima nyingine. Aliyejipandia mapaa ya watu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuajiriwa na mtu.

"Usimwambie Sorensen," aliniambia.

"Kwa nini? Angekupa nafasi."

"Maura, mdogo wangu, nafasi ndiyo wanayokupa kabla hawajakutoa."

Sikumwambia mtu. Lakini tangu siku hiyo, kila nilipomwona Nerina akitazama bei kwenye kioo cha kompyuta, nilijua anatazama mdomo wa mume wake.

Kampuni iliyotuletea balaa iliitwa Hollis. Ilikuwa na studio za picha kwenye maduka makubwa ya pembezoni mwa miji, zile ambazo mama alikupeleka kila mwaka ukiwa umevaa sweta linalowasha, ukaketishwa mbele ya pazia lililochorwa majani ya vuli. Simu zenye kamera ziliiua Hollis, ila ilikuwa bado haijazikwa. Sorensen alisafiri mwenyewe studio hadi studio, Ohio, Pennsylvania, akakuta mapazia yamekunjwa na wafanyakazi wakiuza fremu kwa bei ya hasara. Alirudi na uhakika. Nerina akakopa, mimi nikauza. Shida ni kwamba na wenzetu wengine waliiona maiti hiyo hiyo. Mifuko mingi ilikopa hisa za Hollis, mpaka ukitazama vizuri, karibu kila hisa iliyokuwa inazunguka ilikuwa imeazimwa na mtu anayepaswa kuirudisha siku moja.

Januari ya mwaka wa pili wa korona na barakoa, watu wa kawaida waliofungiwa majumbani na simu zao walikaa wakaifanya hesabu hiyo. Wakaona kwamba wakinunua wao wote kwa pamoja na kukataa kuuza, bei itapanda, na sisi wakopaji tutalazimika kununua kwao kwa bei wanayoitaka. Wakaanza kuitana kwenye jukwaa lao la mtandaoni. Kila aliyenunua alibandika picha yake ya utotoni, yenye lile pazia la majani ya vuli. Maelfu ya watoto wenye mapengo walitutazama.

Kwanza tulicheka. Siku hizo ofisi ilikuwa karibu tupu, wengi wakifanyia kazi nyumbani, na waliokuja walikuwa ni Sorensen, Nerina, mimi na mhasibu aliyejifungia chumbani mwake.

"Waache wachezee hela zao za pizza," Sorensen alisema, akatutumia picha ya mtoto mmoja mwenye tai iliyopinda. "Huyu hapa ndiye adui yenu. Tetemekeni."

"Anafanana na wewe," Nerina akamwambia.

"Mimi nilikuwa na meno."

Bei ilipopanda, tulibishana nao. Sorensen aliandika kurasa za uchambuzi akazisambaza kwa wateja wetu, akionyesha kwamba studio hazina watu na madeni hayalipiki. Yote yalikuwa kweli. Wale watoto wa kwenye picha hawakusoma. Ilipopanda tena, ukaja wakati ambao wanaotutazama kwa nje hawauoni: tulianza kuuza vitu vyetu vizuri. Hasara ya Hollis ilidai fedha, maana bei ikipanda mabenki hutaka dhamana zaidi, na fedha zilikuwa kwenye kampuni tulizozipenda, ile ya vitanda vya hospitali, ile ya mabehewa, ambazo hazikuwa na kosa lolote. Niliziuza mwenyewe, moja baada ya nyingine. Na kwa kuwa mifuko mingine iliyobanwa ilikuwa na vitu vilevile na ikaviuza siku zilezile, navyo vikaporomoka. Ukawa kama mtu anayechoma samani zake apate joto, akikuta kila kiti kinawaka vibaya kuliko kilichotangulia.

Kisha nikaona jambo lililonitia hofu kuliko umati. Manunuzi makubwa yalianza kupita, makubwa mno kuwa ya mtu mwenye simu jikoni kwake. Wakubwa wenzetu, watu tuliokula nao kwenye mikutano, walikuwa wamejipanga nyuma ya wale watoto wenye mapengo na wanasukuma pamoja nao. Wao pia walijua nani amekopa.

"Si unaona?" nikamwambia Nerina.

"Naona tangu jana. Usiseme kwa sauti."

Jumanne, alasiri, Anselm alipiga yeye mwenyewe. Hilo halikuwa kawaida. Nerina ndiye aliyekuwa akipiga.

"Bibie, u hali gani?"

"Salama. Magoti?"

"Magoti yapo. Sikiliza, kuna mmoja wa wenye hisa ananiuliza habari za Hollis. Bei imempendeza. Huenda akataka kuuza, na akiuza itabidi niziite nilizokopesha. Sijui bado nitaziita kwa nani. Ninyi mkoje huko?"

Sorensen alikuwa amesimama nyuma yetu, amesikia. Alishika karatasi akaandika kwa herufi kubwa: MWAMBIE TUNAZAMA. Akamwekea Nerina mbele ya macho.

Nerina aliisoma.

"Sisi?" akamwambia Anselm. "Ah, sisi hatuna neno. Tunapita tu."

"Haya, vizuri. Nafurahi kusikia kuna mtu mmoja analala usingizi."

Alipokata simu Sorensen alikuwa mwekundu shingo nzima.

"Mama, umefanya nini? Mtu anakuuliza kama nyumba inaungua, unamwambia unaota moto?"

"Bwana Sorensen, wale jamaa wa mfuko wa jengo la mbele waliomba jana, benki zote, wakalia na machozi. Saa moja haikupita jukwaa likawa linawataja kwa jina, na ada yao ya kukopa ikaruka mara kumi. Ukweli ukitoka kwenye simu hii hauna kwenu wala kwetu."

"Huyo si ni rafiki yako?"

"Ni rafiki wa benki."

Kwa kanuni za kazi yake alikuwa na haki, na Sorensen alijua, kwa hiyo akaenda kusimama dirishani. Lakini mimi nilikuwa nimemtazama usoni alipojibu, na sikuona hesabu. Niliona mtu ambaye mkono umekataa kunyooka.

Jumatano asubuhi taarifa iliingia kwenye kioo chake, mistari miwili. Hisa zote za Hollis tulizokopa Boston zinaitwa. Zirudi keshokutwa.

Nerina aliisoma, akaisoma tena, akaninong'oneza: "Maura. Ni sisi."

Nilijua maana yake bila kuelezwa. Zile za Boston ndizo zilizokuwa karibu deni letu lote. Kuzirudisha ilibidi tuzinunue, na kuzinunua sokoni, wingi ule, mbele ya macho ya umati uliokuwa unasubiri kitu hichohicho, kungeipandisha bei kwa kila hisa niliyoshika, na ile inayofuata ingekuwa ghali zaidi kwa sababu ya ile iliyotangulia. Nilifanya hesabu mara mbili nikaficha karatasi chini ya kibodi. Kabla sijafika nusu ya mzigo, mfuko ungekuwa hauna kitu. Ofisi ingefungwa, na kampuni ikifungwa, bima yake hufa nayo. Hapangekuwa na hata mkataba wa bima wa kuendelea kuulipia. Colin alikuwa amefikia kusema majina ya vitu vya mezani.

Sorensen alitoka chumbani mwake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno la kejeli.

"Anza kununua," akaniambia. "Polepole. Vipande vidogo."

"Wanatazama, bwana. Hata vipande vidogo."

"Basi nifanyeje, Maura? Niambie wewe."

Nilinunua kipande kimoja, bei ikanyanyuka kama ngozi iliyochomwa sindano. Nikanunua kingine. Kwenye jukwaa mtu akaandika: kuna anayetoka, mshikeni. Nikatoa mikono kwenye kibodi.

Nerina alikuwa ameshika simu muda wote huo bila kubonyeza namba. Hatimaye akabonyeza. Anselm aliitika, na Nerina hakuuliza habari za goti.

"Anselm, ni mimi. Umetuita sisi."

"Ndiyo, bibie. Kuna tatizo?"

Anselm akauliza kama simu imekatika.

"Haijakatika," Nerina akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, ya mtu mwingine. "Nilikudanganya jana. Hatuko salama. Tuko vibaya sana. Tukinunua sokoni tumekwisha, hapatakuwa na ofisi. Nakuomba, Anselm. Sina maneno mengine. Nakuomba."

Tulisikia akivuta pumzi huko Boston.

"Nerina, kwa nini hukuniambia jana? Wakopaji wangu wote walilia. Mmoja alinililia kweli kweli, kamasi na kila kitu. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia mko sawa. Nikajisemea, nimwite asiyeumia. Nilidhani nakufanyia hisani ya kutokukusumbua na hadithi ndefu."

"Najua."

"Sasa taarifa imeshatoka. Siwezi kuihamishia kwa mtu mwingine, simu hii inarekodiwa, unajua."

"Najua. Sikuombi ubadilishe. Nakuomba unifikirie."

Nerina alikuwa amefumba macho. Sorensen alisimama mlangoni mwa chumba chake kwa mkono mmoja juu ya fremu, kama mtu anayeshikilia nyumba isianguke.

"Ngoja kwanza," Anselm akasema. "Ngoja. Wewe unanunua ili unirudishie mimi. Mimi nampa mwenyewe. Mwenyewe anaziuza. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Anaziuza kwa nani?"

Nerina alifumbua macho.

Hilo lilikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyeliona. Hisa zile zilikuwa za mfuko wa pensheni wa walimu wastaafu. Nerina alilijua hilo tangu alipozikopa. Walimu walitaka kuuza, sisi tulitaka kununua, na kilichokuwa kati yetu ni soko lenye watu waliokuwa wakingoja kutuona tukipita. Hakukuwa na haja ya kupita. Kama walimu wangekubali bei, wangetuuzia zile zile tulizokuwa tumezikopa kwao, kwa mkataba mmoja, na hakuna hisa ambayo ingehama. Lakini muuzaji hawezi kumtafuta mnunuzi aliyejificha. Siku nzima ya jana tulikuwa tumejificha.

"Mimi si mtu wa kuuza," Anselm akasema. "Lakini dawati la jirani yangu, hiyo ndiyo kazi yao. Niwaambie kwamba yupo anayehitaji? Niseme anahitaji sana? Maana bila kusema hivyo hawatainuka kwenye viti."

Nerina alimtazama Sorensen. Sorensen akaitikia kwa kichwa.

"Sema anahitaji sana," Nerina akasema.

Bei ya walimu ilirudi haraka. Ilikuwa bei ya siku ile, bila huruma na bila ziada. Wangeishikilia mpaka saa ya chakula cha mchana, baada ya hapo wangeingia sokoni kama watu wengine. Kuilipa kungetuondolea zaidi ya nusu ya kila tulichokuwa nacho. Kilichobaki kingekuwa mfuko bado, mdogo, wenye makovu, ila mfuko.

Sorensen aliingia chumbani akakaa. Tulimfuata.

"Kesho watachoka," akasema. "Hawa ni watu wa hamaki. Hollis haina hata hela ya kulipa pango. Nimeziona studio, Maura, nimeingia kwa miguu yangu. Nikilipa bei hii nakubali uongo."

"Huenda wakachoka kesho," nikasema.

"Kwa nini basi nisingoje kesho?"

"Kesho si yetu," Nerina akamwambia. "Nayo tumeikopa."

Sorensen alimtazama kwa hasira, kisha hasira ikakosa pa kukaa. Aligeukia dirisha. Treni ya kwenda New York ilipita, mabehewa yake matupu yakionyesha viti. Sijui alikuwa anafikiria nini. Mtu aliyejenga jina lake kwa kuwa sahihi huona kuacha akiwa sahihi ni kama kuambiwa aape kwamba hakuzaliwa. Nerina alisimama akiwa amejishika viwiko, na nilijua kwamba neno moja kuhusu Colin lingeweza kumgeuza Sorensen, maana hakuwa mtu mbaya. Hakulisema. Alikuwa ameomba mara moja siku ile, na nadhani hakikubaki kitu.

Simu ya mezani ikalia. Boston wanauliza.

"Lipa," Sorensen akasema, bado akitazama reli.

Niliandika mkataba, nikausoma kwa sauti, Nerina akausoma baada yangu, tukautuma. Ulipokubaliwa hakuna aliyeshangilia. Nerina alikwenda chooni akakaa huko muda mrefu.

Siku iliyofuata bei ya Hollis ilipanda tena, juu ya ile tuliyolipa, na jengo la mbele wakafunga mfuko wao. Tuliwaona wakibeba mimea ya ofisini kwenda kwenye magari. Kisha madalali wa kwenye simu, wale ambao umati ulinunulia hisa kwao, wakazuia watu kununua, kelele zikawa nyingi, na kabla Februari haijaenda mbali bei ilianguka ikarudi kule Sorensen alikosema itarudi. Alikuwa sahihi. Alisimama nyuma ya kiti changu akiitazama inavyoshuka, kila siku, kama mtu anayemtazama mchumba wake wa zamani akiolewa.

"Nilikuwa sahihi," akaniambia.

"Ulikuwa sahihi, bwana."

Wateja waliobaki walitaka kujua tumejifunza nini, na Sorensen akawaandikia sheria mpya. Hatutauza tena hisa za kukopa za kampuni ndogo moja moja. Tukitaka kubashiri anguko tutafanya kwa vikapu vikubwa vya hisa za kampuni nyingi kwa pamoja, ambavyo umati hauwezi kuvibeba begani. Hatutaonyesha hadharani tunachokipinga, mradi sheria haitulazimishi. Na kila asubuhi mtu mmoja atasoma majukwaa yote, aripoti ni kampuni gani watu wameanza kuipenda. Mtu huyo alikuwa mimi. Wenzetu wengi walifanya hivyohivyo. Hofu ilikuwa imeingia kwenye biashara yetu kama unyevu ukutani. Huioni, ila unahamisha kitanda.

Sikuielewa sheria ile ya kwanza mara moja. Nerina aliielewa siku ilipotoka. Hapakuwa tena na cha kukopa. Simu zake zilipungua, mara moja kwa siku, mara moja kwa wiki, na Anselm alipoitika walizungumza wasichana na barafu mpaka mmoja wao akakumbuka kwamba hakuna jambo. Alikuja mapema kama kawaida, akaketi, akapangusa kioo chake. Mfuko aliouokoa ulikuwa umepona, na ukiwa umepona haukumhitaji.

Sorensen alimwita mwezi wa Aprili. Tulikuwa tunaacha milango wazi kwa sababu ya ule ugonjwa, kwa hiyo nilisikia, na siwezi kusema nilijitahidi kutosikia. Alizungumza vizuri. Alimshukuru. Alimwambia kwamba bila yeye wasingekuwa wamekaa hapo, na kwamba mwisho wa mwezi ndio utakuwa mwisho wake, na kwamba atampa barua ya kumsifu ambayo mfano wake haujawahi kuandikwa.

"Asante," Nerina akasema. "Siihitaji barua."

"Sema basi unachohitaji, mama."

Nilijua angesema nini. Angesema hana neno, ataona, yuko sawa. Nilishaanza kuona uchungu kwa niaba yake.

"Mume wangu ni mgonjwa," Nerina akasema. "Ni mwaka wa pili sasa. Hawezi kusema sawasawa. Anafundishwa, na bima ya hapa ndiyo inayolipa. Sheria inaniruhusu nibaki nayo nikijilipia mwenyewe, na siwezi kujilipia. Naomba ofisi iendelee kuilipa mpaka atakapomaliza."

Niliona kutoka upande wangu jinsi mikono ya Sorensen ilivyoacha kuchezea kalamu.

"Mwaka wa pili? Nerina, hukuwahi..."

"Hapana. Sikuwahi."

"Atamaliza lini?"

"Hakuna anayejua. Ndiyo maana naomba namna hiyo, bila tarehe."

"Mimi binafsi sina pingamizi. Lakini lazima niwaulize mawakili, na watu wa bima. Siwezi kukuahidi kitu hapa hapa. Nenda nyumbani, wiki ijayo nitakujulisha."

Nerina hakuondoka. Alivuta kiti kilichokuwa ukutani, akakiweka mbele ya meza, akakaa, mkoba wake juu ya magoti.

"Waulize sasa," akasema. "Nitangoja."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, bwana Sorensen. Nikitoka kwenye mlango huo sitaweza kuomba tena, najijua."

Kwenye kioo changu jukwaa liliendelea kutiririka, watu wakipendana na kampuni nyingine ambayo sikumbuki jina lake. Sorensen alimtazama kwa muda, kisha akanyanyua mkono wa simu, akabonyeza namba kwa kidole kimoja, akaweka kwenye kipaza sauti ili naye asikie. Nerina alishika mkoba kwa mikono miwili. Upande wa pili, ofisini kwa mawakili, simu iliita, ikaendelea kuita.